Asili ya Neno "Quick"

Neno hili la Kiingereza twalijua kwa maana ya upesi. Lakini katika Kiingereza cha kale maana yake ilikuwa "hai". Na kwa kuwa kilicho hai hujongea, maana ya upesi ikazaliwa baadaye, ikaifunika ile ya kwanza. Hata hivyo ya kwanza haikufa. Jina la kale la zebaki ni "quicksilver", yaani fedha iliyo hai. Na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, pamoja na Kitabu cha Sala cha 1662, huwaita hivyo walio hai watakaohukumiwa pamoja na wafu. Basi mwalimu akifasiri "wepesi", atafundisha kwamba Kristo atakuja kuwahukumu wenye mbio. Yatupasa kuuliza kwanza umri wa kitabu, ndipo tufasiri neno.