Mashine Haifikiri

Dirisha la programu ya mauzo linapoganda katika duka la Mtaa wa Kongo, muuzaji humwambia mteja asubiri, mashine inafikiri. Haifikiri. Inasubiri jibu.

Programu yenye dirisha huishi kwa kuzunguka: inachukua ujumbe wa mbele kwenye foleni, inaushughulikia, inarudi kuchukua mwingine. Ujumbe waweza kuwa mbofyo wa kipanya, agizo la kuchora upya kioo, au neno kutoka programu nyingine. Ikikwama kwenye mmoja, hata sura yake yenyewe haiwezi kuichora.

Tangu Windows ya kwanza, mwaka 1985, mwandishi wa programu alikuwa na njia mbili: kudondosha ujumbe kwenye foleni ya mwenzake na kuondoka, au kusimama mlangoni mpaka ajibiwe. Enzi za Windows 3, programu zote zilichangia foleni moja ya kipanya na kibodi, kwa hiyo mmoja akilala, wote wamelala. Windows NT ya 1993, kisha Windows 95, zikatenganisha foleni. Aliyechagua kusimama mlangoni hazikumsaidia.

Kariakoo, mtaa uliopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, inaijua tofauti hiyo bila kompyuta. Mwenye duka akipakia mzigo wa Songea kwenye mkokoteni, hafungi duka ausindikize. Anaendelea kuuza.

Mashine za EFD zilipoanza mwaka 2010, programu nyingi za mauzo zilipata jirani wa kuzungumza naye, na risiti lazima itoke mteja akiwa palepale. Kungoja, basi, si upumbavu. Kuuza bila risiti kuna faini. Kosa ni kungojea ndani ya mzunguko uleule unaopokea mibofyo. Dirisha likinyamaza, muuzaji anabonyeza “Uza” tena. Foleni haijui hasira; inautunza mbofyo huo wa pili. Jibu likifika, bidhaa moja inapata risiti mbili, na TRA inaona mauzo mawili.

Dawa ni kumkabidhi mjumbe wa pembeni kazi ya kungoja, kuzima kitufe, na kuupa kila uuzaji namba yake kabla haujatumwa. Jibu likirudi, liingie foleni kama ujumbe mwingine wowote. Namba ikijirudia, mashine irudishe risiti ileile, isitoe mpya.