Gari la Kuvuta Boti Kubwa Karagwe na Kyerwa

Gari la kuvuta boti ni lile linaloweza kulimudu tela lililobeba boti barabara inapopanda, inapoteremka na inapoishia majini. Boti kubwa katika maelezo haya ni ya fiba au aluminiamu, yenye urefu wa mita 6 hadi 9 na mashine ya HP 100 na kuendelea. Mtumbwi wa mbao wenye mashine ya HP 15 au 40 haumo. Huo watu sita huupandisha juu ya Canter na safari ikaanza.

Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi 2012, hazigusi Ziwa Viktoria. Boti inayofika huko huwa imepanda mlima. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na daraja la Kyaka kwenye Mto Kagera haliko juu zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa. Kutoka Kyaka lami ya kilomita 59 hivi inakwenda Bugene, katika nyanda ambazo sehemu nyingi huzidi mita 1,500. Kutoka Omurushaka, karibu na hapo, barabara nyingine inashika njia ya Nkwenda hadi Murongo, mpakani na Uganda. Maji ya kutumia boti yapo: Ziwa Burigi, lililomo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na Mto Kagera, unaotenganisha Kyerwa na Rwanda na Uganda na kupita kando ya Hifadhi ya Ibanda-Kyerwa. Hifadhi hizo zilitangazwa mwaka 2019, pamoja na Rumanyika-Karagwe. Doria na utalii vyote vinahitaji chombo cha majini, na chombo hicho lazima kivutwe.

Boti ya kigeni iliwahi kufika huko bila gurudumu hata moja. Mwaka 1876 mpelelezi Stanley aliingia Karagwe na Lady Alice, boti iliyofunguliwa vipande vitano na kubebwa na wapagazi. Iliunganishwa kwenye ziwa dogo ambalo Speke, mpelelezi aliyemtangulia, alikuwa amelipa jina la Windermere, ikashindana na mitumbwi ya wenyeji mbele ya Mfalme Rumanyika. Miaka 39 baadaye, upande wa Kongo, Waingereza walivuta boti mbili za petroli, Mimi na Toutou, kuzipeleka Ziwa Tanganyika. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi na uzito wa zaidi ya tani 4. Kati ya Fungurume na Sankisia zilivutwa na magari mawili ya mvuke, na kwenye milima magari hayo yalipozidiwa, makundi ya ng'ombe yakaongezwa. Mizigo ya namna hiyo ndiyo inayotakiwa leo ivutwe na gari moja na dereva mmoja.

Kabla ya kutaja gari lolote, pima mzigo. Chukua boti ya fiba ya mita 7. Bodi yake tuseme kilo 1,300. Mashine ya HP 150 ni kilo 220 na kitu. Petroli lita 200 ni kilo 150. Nanga, betri, kamba na makoti ya kuokolea yanafika kilo 100 bila mtu kuona, na tela la ekseli mbili ni kilo 600. Jumla ni karibu kilo 2,400. Boti ya mita 9 yenye kibanda na mashine mbili hupita kilo 3,500 kwa urahisi. Muuzaji akikutajia uzito wa boti, muulize kama mashine, mafuta na tela vimo. Mara nyingi anataja bodi tupu.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza nguvu ya injini. Naona wanaanzia mahali pasipo na hatari kubwa. Land Cruiser ya kazi, ile watu wanayoiita mkonga, yenye injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo, ina HP 130 hivi. Hewa ya Karagwe ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo ikifika mji wa Kayanga, Karagwe, inabaki na HP 110 au zaidi kidogo. Gari hilo pamoja na watu wake lina kilo 2,600. Ongeza boti yetu, unapata tani 5. Kwenye kilima kinachoinuka mita 8 kwa kila mita 100, mzigo huo ukienda kilomita 40 kwa saa unadai HP 75 hivi kwenye magurudumu. Zipo. Gari litapanda polepole, malori ya ndizi na kahawa nyuma yake yatasubiri, lakini litafika juu.

Kushuka ndiko kunakochagua gari. Tani 5 zikiteremka mita 300 za kimo zinaachia joto la kutosha kuchemsha ndoo mbili za lita 20 za maji baridi. Joto hilo lazima liende mahali: sehemu huliwa na msuguano wa tairi na barabara, sehemu huzuiliwa na injini ikiwa gia ni nzito, na linalobaki lote linaingia kwenye breki. Dereva anayeshuka na gia ya juu huku amekanyaga breki muda wote huzipika breki zake njiani, na ndoo hizo huchemka ndani ya magurudumu. Ndiyo maana mkonga huu wa zamani, mzito na mvivu, ninaupendelea kuliko gari jepesi lenye HP 200. Una chasisi ya ngazi, una gia za chini za ziada, na dizeli yake kubwa ikiwekwa gia ya pili hulishika gari. Na uzito wa gari lenyewe ni ulinzi: tela lisizidi sana uzito wa gari linalolivuta, kwa sababu likianza kuyumba ndilo litakaloamua njia.

Hilux mpya yenye dizeli ya lita 2.8 na tabo huvuta vizuri, na kwenye masoko kadhaa imeruhusiwa kuvuta kilo 3,500 kwa tela lenye breki. Land Cruiser 200, Land Rover Defender 110 na Discovery 4 nazo ziko kwenye kiwango hicho. Prado inafaa kwa boti ya mita 6, si zaidi, na iwe ya dizeli. Gari la otomatiki hudai rejeta ya mafuta ya giaboksi, maana mlima mrefu huyachemsha. Harrier, RAV4 na Noah ziachwe nyumbani. Zimeundwa kubeba familia. Chasisi ya ngazi hazina, na kiungo cha tela kinachochomelewa nyuma yake na fundi huwa kinashikilia bati tu.

Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na kitabu chake, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Kiwango cha kuvuta kitafutwe kwa namba ya chasisi, si kwa kumbukumbu ya dalali. Viwango ni vitatu: uzito wa tela, uzito wa gari na tela kwa pamoja, na uzito wa shingo ya tela juu ya kiungo. Hiki cha tatu husahauliwa. Shingo ikae na kama asilimia 7 hadi 10 ya uzito wa tela, yaani kilo 170 hadi 240 kwa boti yetu. Ikiwa nyepesi mno tela hutikisa mkia, ikiwa nzito mno magurudumu ya mbele ya gari hupoteza mshiko, na kwenye udongo mwekundu wa Kyerwa wakati wa mvua usukani unakuwa pambo. Boti husogezwa mbele au nyuma juu ya tela hadi uzito ukae sawa.

Tela lenyewe liwe na breki kwenye ekseli zote mbili. Tela la zaidi ya kilo 750 bila breki halifai barabara ya vilima, hata likivutwa na lori.

Na lori lenyewe ni jibu mara nyingi kuliko watu wanavyokubali. Boti ya mita 9 kwenda Burigi naipakia juu ya Fuso, mashine imefunguliwa na kulazwa pembeni, bila tela. Madereva wa Fuso wanaobeba ndizi wanaijua kila kona, na breki zao zimetengenezwa kwa tani nyingi kuliko hizo. Gharama inabaki kwenye kushusha: magogo, kamba na mikono ya kutosha. Boti inayotoka Mwanza iendeshwe majini hadi Kemondo au Bukoba, barabara ibaki na kipande cha mwisho tu. Asiyetaka maji sasa anapita Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, na tela halingoji tena kivuko. Boti ikitokeza nje ya ubavu wa tela au lori, waulizwe TANROADS, wakala wa barabara, kabla ya safari, na TASAC ndiyo inayosajili chombo chenyewe.

Mwaloni gari hurudi nyuma hadi tela lizame. Hapo magurudumu ya nyuma ndiyo yanayobeba uzito kwenye mchanga uliolowa, na gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele pekee linachimba shimo. Penye tope la kinamasi trekta la shamba hufanya kazi kuliko gari lolote, kwa mita hizo mia za mwisho. Lakini kabla ya kulizamisha tela, liache lipoe nusu saa. Beringi zilizotoka kwenye mteremko wa Bugene zina moto, na chuma cha moto kikitumbukizwa ghafla hufyonza maji ndani ya grisi. Weka kiganja kwenye kitovu cha kila gurudumu. Ukiweza kukiacha hapo bila kukiondoa, rudisha gari.