Masanamu ya Antalya na Hukumu ya Kuyatazama

Antalya, mji wa pwani ya kusini ya Uturuki, uliingia mikononi mwa Waseljuki mwaka 1207. Waitalia walipoukalia baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wakawa wanakusanya athari za kale. Mwalimu mmoja, Süleyman Fikri Erten, akasimama kuzihifadhi zisitoke nchini. Mwaka 1922 makumbusho yakaanzishwa. La kushangaza, kuanzia 1937 hadi 1972 yaliwekwa ndani ya msikiti wa Yivli Minare, uliojengwa upya mwaka 1373!

Hapa tutenganishe mambo mawili. Msikiti ni wakfu wa sala, na kuweka humo athari za washirikina ni kosa, hata nia ikiwa njema. Ama kuzitazama kwingineko, Mwenyezi Mungu (S.W.) ameamrisha katika Suratul An'aam, aya ya 11, tutembee katika ardhi tuone mwisho wa waliokadhibisha. Na Mtume (S.A.W.), alipopita Al-Hijr, maskani ya Thamudi, aliwakataza Masahaba kuingia ila wakiwa wanalia, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Ruhusa basi imefungamana na mazingatio. Matembezi ya kupiga picha na kucheka hayamo.

Mwaka 2011 nusu ya juu ya sanamu ya Herakles wa Perge, iliyokuwa Boston, Marekani, ilirudishwa Uturuki ikaungwa na miguu yake. Mwalimu awasomeshe wanafunzi kisa cha Nabii Ibrahim (A.S.) katika Suratul Anbiyaa, kisha awaulize: huyu aliyeombwa nguvu, nani aliyembeba kumrudisha kwao?