Nyaya za taa za Krismasi: Hatari hukaa kwenye ncha

Mnamo Desemba 1882, Edward H. Johnson, mshirika wa mvumbuzi Thomas Edison, aliupamba mti wa Krismasi nyumbani kwake jijini New York kwa balbu 80 za umeme, nyekundu, nyeupe na samawati. Tangu hapo, Wamarekani wamezoea kuzipamba nyumba zao kwa taa kila mwisho wa mwaka, kuanzia paa hadi miti ya uani.

Mapambo hayo yanahitaji nyaya nyingi. Ekstensheni za madukani huuzwa kwa urefu uliopangwa na kiwanda, ilhali umbali kati ya mti mmoja na mwingine haupangwi na yeyote. Waya ukipungua, taa haziwaki. Ukizidi, hurundikana nyasini na kuwakwaza wapitao. Tatizo hilo huwa kubwa zaidi pale taa zinapoendeshwa kwa kompyuta, kwani kila kundi la taa huhitaji waya wake.

Ndiyo maana wapenzi wa mapambo hayo hununua bunda la waya na plagi za kujifungia, kisha wakakata urefu wanaoutaka.

Waya unaotumika sana hujulikana kama SPT-1. Una nyuzi mbili zilizoshikamana bapa, kila moja ikiwa na shaba ya unene wa takribani milimita mraba 0.8. Ndugu yake, SPT-2, ana ngozi nene zaidi ya plastiki. Plagi ya waya mmoja haifai kwa mwingine, kwani ndani yake mna miiba ya chuma inayotoboa ngozi hiyo na kuigusa shaba. Kwa sababu hiyo, mafundi wameipa jina la utani la mnyonya damu wa hadithi za kutisha.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Fundi hupima njia ya waya, huongeza kidogo ili usivutike, hukata ncha ikawa sawa, huilaza ndani ya plagi na kusukuma kifuniko hadi kilie. Haambui ngozi wala hatumii bisibisi.

Hata hivyo, urahisi huo ndio mtego. Upande mmoja wa waya huwa na michirizi inayohisika kwa kidole. Huo ni wa nyutro, na sharti uelekee jino pana la plagi. Upande laini ni wa moto. Ukibadilisha pande hizo, taa zitawaka kama kawaida, lakini sehemu ya balbu inayopaswa kuwa salama itakuwa na umeme. Kwa hivyo, kila waya hupimwa kwa mita kabla ya kuchomekwa ukutani.

Aidha, meno ya plagi hufungwa ncha moja tu. Waya wenye meno ncha zote mbili huacha chuma chenye umeme kikiwa wazi, na unaweza kuua.

Jambo la tatu ni mzigo. Plagi iliyoandikwa ampea 8, kwa volti 120 za Marekani, haipaswi kupitisha zaidi ya wati 960. Balbu 100 za zamani za wati 7 hutumia wati 700. Zikiwa 200, mzigo unakuwa wati 1,400, yaani karibu ampea 12. Swichi ya usalama ya nyumba huwa ya ampea 15 au 20, kwa hivyo haitakatika ilhali waya unazidi kupata joto. Taa za LED zimepunguza mzigo huo mno.

Isitoshe, plagi hizi hazizuii maji. Huelekezwa chini, mbali na madimbwi, na hupewa umeme kupitia soketi inayojikata mtiririko unapovuja kiasi cha miliampea 6. Pia, alama ya ubora kwenye waya na plagi haimaanishi kuwa ekstensheni iliyoundwa nyumbani imekaguliwa.

Msomaji wa Kenya aliyeletewa vifaa hivi na jamaa kutoka ng'ambo asivichomeke. Umeme wetu ni wa volti 240, na taa za volti 120 zitaungua mara moja. Plagi yetu ya meno matatu ina fyuzi ndani yake na nafasi ya waya wa ardhi, ulinzi ambao waya wa nyuzi mbili hauna. Anayetaka waya wa urefu maalumu amwendee fundi mwenye leseni.

Hatimaye, nyaya hizi si za kudumu. Kanuni za umeme za Marekani huruhusu nyaya za muda za mapambo ya sikukuu kwa siku zisizozidi 90. Baada ya hapo hushushwa, hukaguliwa kama zimechubuka, na zilizoharibika hutupwa.