Nukta Sita za Irente

Katika Irente, karibu na mji wa Lushoto milimani Usambara, ipo shule ya watoto wasioona iliyoanzishwa na Kanisa la Kilutheri katika miaka ya 1960. Maandishi ya nukta nundu wayasomayo wasioona yana historia impasayo kila ashughulikaye na herufi kuijua.

Hapo kwanza Charles Barbier, askari wa Kifaransa, alibuni maandishi ya kupapasa yenye nukta kumi na mbili. Alama zake zilizidi ncha ya kidole, hata msomaji hakuweza kuishika moja kwa mguso mmoja. Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809 na kupofuka utotoni, alizipunguza nukta zikawa sita, tatu kushoto na tatu kulia, akautangaza mpango wake mwaka 1829.

Nukta sita hutoa alama 63. Lakini hekima si wingi, ni utaratibu. Herufi kumi za kwanza, A hadi J, hutumia nukta nne za juu tu. Ukiongeza nukta ya tatu, iliyo chini kushoto, A huwa K, B huwa L, na kadhalika mpaka T. Ukiongeza tena ya sita, chini kulia, K huwa U. Basi asomaye neno "kuku" hukuta nukta moja tu ikija na kutoweka.

Herufi W, ambayo bila yake hatuandiki "kwa" wala "mwana", yaonekana kuasi: ni J yenye nukta ya sita peke yake. Sababu yake ni kuwa Kifaransa hakikuwa na haja nayo. Ikawekwa mwisho wa safu ya nne, pamoja na herufi za Kifaransa zenye alama juu yake. Mgeni alipata nafasi, na nyumba haikubomolewa.

Marekani iligawanyika kwa mifumo iliyoshindana, hata kitabu cha mfumo mmoja hakikumfaa aliyefundishwa mwingine. Mapatano na Uingereza yalifikiwa mwaka 1932. Sisi nasi twaifahamu faida hiyo, kwani tangu mwaka 1930 Kamati ya Lugha ilisimamia tahajia moja ya Kiswahili katika Afrika ya Mashariki.

Jicho husamehe herufi iliyochapwa vibaya. Kidole hakina msamaha huo. Nukta ya tatu ikikosekana, "lala" imekuwa "baba".