Dawa Mahali pa Maji

Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za Mkoa wa Nyanza zililaza wagonjwa 14,275 wa kipindupindu, na 547 kati yao wakafariki. Wataalamu walipima sampuli 31 za bakteria wa ugonjwa huo ili wajue ni dawa gani zinazowaua, na katika sampuli 30 tetrasaiklini ilifanya kazi. Hiyo ni dawa ya zamani, ya bei ya chini, na haikuwa ngeni kwa zahanati yoyote. Ilikuwa bado na makali yake, na watu walizikwa kwa mamia. Katika uchunguzi huohuo wagonjwa 61 walilinganishwa na watu wa umri na jinsia ileile ambao hawakuwa na kipindupindu, na yakajitokeza mambo matatu yaliyoongeza hatari: kunywa maji ya Ziwa Victoria au ya kijito, kula pamoja na mtu anayeharisha, na kula kwenye matanga. Leo tunapozungumzia bakteria sugu katika Homa Bay na Migori, huwa tunaanzia kwenye vidonge: nani alivinunua bila cheti, nani aliacha dozi katikati. Mimi naona tumeanzia mwisho. Kwa karibu miaka 100 sehemu hii ya ziwa imepewa dawa pale ilipostahili kupewa maji safi, choo na maabara, na usugu wa bakteria ndio malipo ya ubadilishaji huo.

Historia hiyo inaanza na sindano. Nchi iliyoitwa Kavirondo Kusini, ambayo baadaye ilikuja kuwa wilaya ya South Nyanza na hatimaye kugawanywa, ilikutana na tiba ya kisasa kupitia serikali ya kikoloni na wamisionari. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na hospitali yao ya Kendu ikaanza kazi mwaka 1925. Katika miaka hiyohiyo ya 1920 serikali ya koloni iliendesha kampeni kubwa dhidi ya buba, ugonjwa wa bakteria unaotoboa ngozi kwa vidonda na hatimaye kula mifupa. Sindano za bismathi na za aseniki zilikausha vidonda hivyo mbele ya macho ya watu, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia penisilini ikaja kufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Imani ya watu katika sindano ilijengwa na jambo walilojionea wenyewe, kwa hiyo si haki kuiita ushirikina. Lakini buba ni ugonjwa unaostawi penye uhaba wa maji ya kuogea na sabuni. Serikali ilichagua kumaliza vidonda kwa sindano kwa sababu sindano ilikuwa rahisi kuliko kuvuta maji hadi kijijini, na ilileta sifa upesi. Hapo ndipo mkataba usioandikwa ulipotiwa sahihi: mwananchi angepata dawa, na maji angeendelea kujitafutia mwenyewe ziwani.

Uhuru ulipanua mkataba huo bila kuubadilisha. Kipindupindu cha enzi hizi kiliingia Kenya mwaka 1971 na kikapata pwani za ziwa ziko tayari kukipokea. Mwaka 1981 serikali ilianza mpango wa kupeleka masanduku ya dawa muhimu katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini, na ulikuwa mpango mzuri, kwani kabla yake zahanati nyingi zilikaa bila dawa. Kisha Desemba 1989 ikaja sera ya wagonjwa kuchangia gharama za matibabu. Ilisimamishwa mwaka uliofuata, ikarudishwa mwaka 1992, na hadi mwaka 2004 ndipo ada za zahanati na vituo vya afya zilipopunguzwa kuwa shilingi 10 na 20. Mvuvi wa Muhuru Bay au Mbita aliyetakiwa kulipia kitabu, kipimo na dawa, baada ya kulipa nauli na kupoteza usiku wa kuvua, alipiga hesabu yake na kwenda kwa kemisti sokoni. Huko aliuziwa alichoweza kulipia: vidonge vinne vya rangi mbili vilivyokatwa kutoka kwenye karatasi yake, au Septrin ya siku mbili. Sheria ya dawa na sumu ya mwaka 1957 ilikuwepo kitabuni ikitaka cheti cha daktari. Mwandika cheti ndiye aliyekuwa mbali, na alikuwa na bei.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kuwatafutia watu visingizio, kwamba kiini cha usugu ni ujinga wa wanunuzi na tamaa ya wauzaji. Alexander Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kuhusu mtu anayejipa penisilini kidogo isiyotosha na hivyo kuwafundisha vijidudu kuistahimili. Onyo hilo ni la kweli, ila halielezi yaliyotokea Nyanza. Kati ya Mei 1997 na Aprili 1998, ng'ambo ya Ghuba ya Winam huko Asembo, sampuli 729 za kuharisha zilikusanywa kutoka kwa wagonjwa waliofika kliniki, na 244 zikaonyesha bakteria: Shigela wa kuhara damu, Kampilobakta, kipindupindu na Salmonela. Wagonjwa 112 kati ya waliokutwa na bakteria walikuwa wameandikiwa antibiotiki kabla majibu hayajatoka, na bakteria wao wakapimwa usugu. Kwa wagonjwa 57 dawa waliyopewa haikuwa na nguvu kamili juu ya bakteria waliokuwa nao. Hao walifika kliniki, wakaonwa na mhudumu, wakaandikiwa dawa kwa utaratibu. Zaidi ya nusu walipewa dawa isiyowafaa kwa sababu mhudumu aliandika akikisia, na maabara ya kuotesha bakteria haipatikani kwa kawaida katika kliniki ya kijijini. Anayemlaumu mama aliyenunua vidonge vinne sokoni aeleze basi kliniki ilimzidi nini.

Tena usugu haukai ndani ya tumbo la mtu mmoja aliyekosea dozi. Wanasayansi wa Kenya waliochunguza bakteria wa kipindupindu wa kati ya 1994 na 2007 walikuta wengi wao wamebeba kipande cha vinasaba kinachohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na katika kipande hicho usugu dhidi ya dawa kadhaa umefungwa pamoja, zikiwemo dawa mbili zinazounda Septrin. Bakteria huazimana usugu kama majirani wanavyoazimana kaa la moto: mmoja akiwa nalo, kijiji kizima hupika. Mahali pa kuazimania ni penye kinyesi na maji pamoja, yaani utumbo, mtaro, kijito, ufuo. Mto Kuja hushuka kutoka nyanda za Kisii, ukaungana na Mto Migori, ukamwaga yote ziwani Nyatike, na anayechota maji huko chini hupokea kilichoachwa na kila mtu wa juu, pamoja na mabaki ya kila dozi. Ndiyo maana hata mtu asiyewahi kumeza antibiotiki maishani anaweza kuugua bakteria sugu. Kati ya mwaka 1994 na 2008 Nyanza ilikuwa na asilimia 15.3 ya Wakenya na asilimia 38.7 ya wagonjwa wa kipindupindu walioripotiwa nchini. Ujinga wa dozi hauwezi kueleza pengo hilo, maana Wakenya wa mikoa mingine nao hununua dawa sokoni. Maji yanaweza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na halipaswi kupitwa haraka. Antibiotiki zimeokoa watu wengi hapa, na asiye na bomba la maji hawezi kuambiwa asubiri bomba wakati mtoto anakufa. Ushahidi upo. Katika mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2008 magharibi mwa Kenya, baada ya ghasia za uchaguzi, watafiti walipita nyumba kwa nyumba na kugundua vifo vingi vilivyokuwa havijaripotiwa. Kiwango cha vifo kikapanda kutoka asilimia 5.5 hadi 11.4. Waliopata antibiotiki nyumbani walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona. Nalikubali hilo bila kusitasita. Lakini uchunguzi huohuo ulifungua majalada ya watu 13 waliofia hospitalini na kukuta hawakupewa maji ya kutosha, ya mshipani wala ya kunywa, huku wahudumu na vifaa vikiwa vimepungua mno. Kipindupindu huua kwa kukausha mwili. Tiba yake ya kwanza ni maji yenye chumvi na sukari, na antibiotiki hufuata nyuma kusaidia. Watu hao 13 walilala katika jengo la hospitali na wakakosa maji.

Homa Bay inao ushahidi mwingine wa upande huu. Hospitali yake ya wilaya ndiko Madaktari Wasio na Mipaka walikoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi mwaka 2001, mapema kuliko karibu hospitali zote za umma nchini, na waliohudhuria kliniki walimeza Septrin kila siku kujikinga na maradhi nyemelezi. Kuanzia Februari 2012 hadi Septemba 2013 watu 500 waliokuwa wakiendelea vizuri na matibabu waligawanywa mafungu mawili, nusu waendelee na Septrin na nusu waache. Walioacha waliugua zaidi, hasa malaria. Matokeo hayo yanahalalisha Septrin, na vilevile yanaonyesha kazi iliyotwikwa dawa ya bakteria: kushika zamu ya kinga dhidi ya mbu. Utafiti wa Tororo, Uganda, uliochapishwa mwaka 2005, unatupa kipimo bora zaidi. Kwa watu wenye virusi, maji yaliyotiwa klorini na kuwekwa katika chombo salama yalipunguza kuharisha kwa asilimia 25. Maji hayo pamoja na Septrin yalipunguza kwa theluthi mbili. Dawa na maji vilisaidiana, na hakuna mwenye nia njema anayewataka watu wachague kimoja.

Nchi yetu imechagua mara nyingi, na imechagua kidonge. Karibu na mwaka 2000 shirika la CARE, likisaidiwa na wataalamu wa Marekani, lilijaribu njia nyingine katika jamii 72 za wakulima magharibi mwa Kenya, Homa Bay ikiwemo. Lilianza na kitu ambacho kila nyumba ilikuwa nacho, mtungi wa udongo. Mtungi wa kawaida una mdomo mpana, na kila anayechota huzamisha kikombe pamoja na vidole vyake. Wafinyanzi wa huku waliubana mdomo, wakautia kifuniko na mfereji mdogo ubavuni, nao ukaendelea kupoza maji, jambo ambalo ndoo ya plastiki haiwezi. Pamoja nao iliuzwa chupa ya klorini. Baada ya miezi sita karibu theluthi moja ya nyumba zilikuwa zikitia klorini. Kwa mradi hayo ni mafanikio. Kwa bakteria ni nyumba mbili katika kila tatu zilizobaki wazi.

Hapo huja pingamizi la tatu: je, maji yenyewe yamethibitishwa? Utafiti mkubwa uliofanywa Kakamega, Bungoma na Vihiga, ulioandikisha wajawazito 8,246 na kuchapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba klorini, vyoo vilivyoboreshwa na unawaji mikono wa nyumbani havikupunguza kuharisha kwa watoto. Wengine wameshika matokeo hayo kama sababu ya kurudi kwenye vidonge. Mimi nayasoma kinyume chake. Yanasema kwamba mzigo wa usafi hauwezi kuachiwa mama na chupa yake ya klorini huku kijito, ua na jirani vikibaki vilevile. Kinachohitajika ni maji yaliyosafishwa kabla ya kumfikia, yafike mengi na kila siku, na kinyesi kiondolewe kabisa. Na vidonge navyo vimepimwa. Azithromaisini iliyogawiwa watoto wadogo katika vijiji vya Niger, Malawi na Tanzania ilipunguza vifo kwa asilimia 13.5 kwa jumla, lakini punguzo kubwa lilikuwa Niger, huku Kilosa, Tanzania, likiwa dogo mno, na Niger usugu dhidi ya jamii hiyo ya dawa ulipanda. Hospitali za Homa Bay na Kisii ziliwapa watoto 1,400 waliokuwa wakiruhusiwa kwenda nyumbani ama azithromaisini ya siku tano ama kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa. Baada ya miezi sita, waliorudishwa wodini au kufariki hawakutofautiana. Migori nayo ilikuwa katika utafiti wa nchi sita uliofuatilia watoto 3,101 waliolazwa, na karibu nusu ya vifo vilitokea baada ya mtoto kuruhusiwa. Mtoto anatibiwa, anarudi kwenye njaa na maji yaleyale, na dawa haimfuati huko.

Mkataba wa miaka ya 1920 una uwezekano wa kuvunjwa sasa kuliko wakati wowote. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na tangu mwaka 2013 huduma za afya na huduma za maji ziko mikononi mwa serikali moja ya kaunti. Zamani daktari wa wilaya angeweza kusema mabomba si kazi ya wizara yake. Gavana wa Homa Bay au wa Migori hawezi. Hospitali ya rufaa ya kaunti iwe na maabara ya kuotesha bakteria inayofanya kazi mwaka mzima, ili mhudumu aandike dawa akijua. Kila mara maabara hiyo itakapopata Shigela sugu au Salmonela sugu kutoka kijiji fulani, taarifa isiishie kwa mfamasia na kwenye onyo la kumaliza dozi. Ipelekwe pia kwa waziri wa maji wa kaunti, ikitaja kijiji na chanzo chake cha maji, naye aulizwe katika bunge la kaunti amefanya nini. Usugu ukianza kuhesabiwa kama deni la idara ya maji, ndipo antibiotiki zitakapopata nafasi ya kupumzika na kubaki na nguvu kwa mgonjwa anayezihitaji kweli.