Khukuri: Kisu cha Mkulima Kilichovishwa Sifa za Vita

Wengi waliopata kulisikia jina la khukuri, kile kisu kilichopinda cha nchi ya Nepali, walilisikia katika hikaya za vita, na kwa sababu hiyo mtu atakaye kukinunua kwa kazi za kambini, kama kuchanja kuni, kufyeka vichaka na kuchonga vigingi vya hema, aghalabu hukitafuta chenye sura ya kutisha, ilhali tarikhi yake yamwelekeza kwingine kabisa.

Katika vilima vilivyo chini ya Himalaya, khukuri ilikuwa, na ingali, kisu cha nyumbani: ndicho kikatacho mboga, ndicho kipasuacho mianzi, ndicho kitemacho matawi ya kulishia mifugo, na ifikapo sikukuu kubwa ya Dashain ndicho kichinjacho mbuzi na nyati. Makali yake yako upande wa ndani wa pindo, na uzito wake umekusanyika mbele, hata pigo moja la wastani hufanya kazi ya shoka dogo.

Wakulima hao ndio waliofuatana na Prithvi Narayan Shah, mfalme wa Gorkha, alipoitwaa Nuwakot mwaka 1744 na baadaye miji ya bonde la Kathmandu, nao walikwenda na visu vyao viunoni. Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India ilipoishambulia Nepali mwaka 1814, Balbhadra Kunwar na watu wachache, wakiwamo wanawake na watoto, waliishikilia ngome ya Nalapani karibu na Dehradun mbele ya jeshi lililowazidi mara nyingi, na Jenerali Gillespie wa Waingereza akauawa hapo tarehe 31 Oktoba. Mkataba wa Sugauli, uliothibitishwa mwaka 1816, uliimega nchi hiyo vibaya. Walakini Waingereza walikuwa wamekwisha kustaajabia ushujaa wa wapinzani wao, na tangu mwaka 1815 wakaanza kuwaandika jeshini, wakiwaita Wagurkha. Sifa hiyo ilifika hata pwani yetu, maana Novemba 1914 katika vita vya Tanga walikuwamo Wagurkha wa vikosi vya Kashmir, walioingia mjini wakipigana kabla ya jeshi zima la Waingereza kushindwa na von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani.

Sifa ikizidi huzaa uzushi, na uzushi mashuhuri ni ule usemao kwamba khukuri ikichomolewa hairudi alani bila kuonja damu. Lau ingekuwa kweli, kila mama wa Kinepali angejichanja kidole kabla ya kuukata mchicha.

Waliokifua kisu hiki kilichoitukuza dola ni wahunzi wa tabaka la Kami, ambao sheria ya mwaka 1854, iliyotungwa zama za waziri mkuu Jung Bahadur Rana, iliwahesabu miongoni mwa watu wasioguswa, hata maji ya mikononi mwao hayakunyweka. Na ubaguzi huo haukufutwa katika sheria ila mwaka 1963. Naona ni dhuluma ambayo wasifu wa vita huipita kimya. Kazi yao ni ya hali ya juu: huchukua chuma cha springi za malori, hukifua kwa nyundo, kisha hukimiminia maji ya birika juu ya makali peke yake kikiwa chekundu, ili makali yawe magumu na mgongo ubaki laini, usivunjike kwa kishindo.

Basi mnunuzi na apitishe tupa taratibu: kwenye makali iteleze, kwenye mgongo iume. Urefu wa bapa usizidi sana sentimita 28, kwani kirefu zaidi huuchosha mkono. Aina iitwayo sirupate, iliyo nyembamba, ni nyepesi na ya kupendeza, lakini kwa kupasua magogo hainifai; afadhali chenye tumbo pana. Mpini uliopigiliwa misumari, wenye chuma kilichopita hadi mwisho, hustahimili mapigo makubwa, ila ni mzito zaidi. Ule wa kale ulioshikizwa kwa gundi ya utomvu huweza kulegea, lakini hutengenezeka tena kwa kupashwa moto. Lile pengo dogo la makali karibu na mpini limetafsiriwa kwa dini na kwa hila za vita, nawe usihangaike nalo. Viangalie zaidi visu viwili vidogo vilivyomo alani: karda, cha kazi nyepesi, na chakmak, kisicho na makali, cha kunyooshea makali ya mama yao. Vile vya nakshi nyingi viuzwavyo kwa watalii huko Thamel, Kathmandu, viache ukutani.

Na unapokichomoa, shika ala kwa upande wa mgongo, vidole visizunguke upande wa makali, kwa kuwa makali hayo huweza kuipasua ala na vidole pamoja.